Samaki Mkubwa Sebuleni: Historia ya Matunzo Yaliyochelewa

Frontosa wa Ziwa Tanganyika hufikia urefu wa sentimita 30 na kuzidi, na akitunzwa vizuri huishi zaidi ya miaka 20. Oska wa mto Amazon hufika sentimita 35, na uzito wake hupita kilo moja. Wote wawili wamo leo majumbani mwa watu wa Ulaya, Marekani na Asia, na wengi wao walinunuliwa wakiwa na urefu wa kidole tu. Habari za jinsi walivyofika humo husimuliwa zaidi kama habari za uvumbuzi: nani alimvua kwanza, nani alimpa jina la kisayansi, meli gani ilimbeba. Makala haya yanafuata njia nyingine. Ukizipanga tarehe za ufugaji wa samaki nyumbani tangu 1849, jambo moja hujirudia: ufundi wa kumfikisha samaki nyumbani ulitangulia kila mara ufundi wa kumweka hai humo. Kwa samaki mdogo pengo hilo lilivumilika. Kwa samaki mkubwa lilimaanisha kifo, au maisha marefu ya kudumaa, na aliyebeba hasara hiyo ni samaki mwenyewe.

1849–1871: Mizani ya Warington

Ushuru wa vioo ulifutwa Uingereza mwaka 1845, na vioo vikawa vya bei nafuu. Miaka minne baadaye mkemia Robert Warington, wa Apothecaries' Hall jijini London, aliweka samaki wawili wa dhahabu katika tangi la galoni 12, sawa na lita 54 hivi, akaotesha humo mmea wa valisineria. Alikuwa na wazo la kulijaribu: kwamba mmea ukipata mwanga hutoa oksijeni ambayo samaki huivuta, naye samaki hutoa hewa ukaa ambayo mmea huihitaji. Majani yalipoanza kuoza na maji kutibuka, aliongeza konokono wa majini wayale mabaki. Maji yakatakata. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1850, na mwaka 1853 Bustani ya Wanyama ya London ikafungua jengo la kuonyeshea samaki, ambalo Philip Henry Gosse alisaidia kulijaza viumbe. Kitabu cha Gosse cha mwaka 1854 kiliwafanya Waingereza wengi watamani tangi la kioo sebuleni.

Wazo la Warington lilikuwa kweli kwa sehemu, na sehemu hiyo ndiyo iliyolipa nguvu ya kudumu karibu miaka mia. Kosa lake lilikuwa kuitazama hewa na kuusahau uchafu. Samaki hatoi hewa ukaa peke yake. Kwenye matamvua yake hutoka amonia, zao la protini aliyokula, na amonia ni sumu kwake mwenyewe hata ikiwa kidogo sana. Samaki wawili katika lita 54 hutoa amonia kidogo, mmea hunyonya sehemu yake, na bakteria waliojishika kwenye mchanga na kuta hubadili iliyobaki bila mtu kuwaona. Warington aliona matokeo mazuri, akatafuta sababu yake kwenye mmea. Waliomfuata walifundishana kwamba tangi lililopangwa sawasawa halihitaji kubadilishwa maji kamwe, na maji ya zamani yaliyogeuka rangi ya chai wakayaona dalili ya utunzaji bora.

Mizani hiyo husimama pale tu samaki wanapokuwa wadogo na wachache. Samaki mkubwa hula nyama, hutoa amonia nyingi kwa mkupuo, na wengi wao huing'oa mimea. Ina maana kwamba tangi la nyumbani, tangu siku lilipobuniwa, lilijengwa juu ya kanuni isiyomfaa. Wakati huohuo kulikuwa na mtu aliyeshika njia nyingine. William Alford Lloyd, aliyesimamia matangi ya maonyesho ya Hamburg na kisha ya Crystal Palace yaliyofunguliwa mwaka 1871, hakutegemea mimea. Alijenga chini ya ardhi hodhi lenye giza, kubwa kuliko matangi yote ya juu kwa pamoja, akatumia mashine ya mvuke kuyazungusha maji mchana na usiku. Maji yake yalikuwa ya bahari, lakini kanuni ilikuwa ileile: maji mengi, mwendo usiokoma, na hewa. Majumba ya maonyesho yaliishika kanuni hiyo. Nyumbani, ambako hapakuwa na mashine ya mvuke wala nafasi ya hodhi, ilingojewa miaka tisini.

1869–1914: Safari iliyochagua wadogo

Mwaka 1869 Pierre Carbonnier wa Paris alipokea kutoka China samaki wa paradiso, akafaulu kuwazalisha. Hao walikuwa miongoni mwa samaki wa kwanza wa nchi za joto kufugwa katika nyumba za Ulaya, na sababu ya kufaulu kwao imo mwilini mwao. Samaki wa paradiso ana kiungo maalumu juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa moja kwa moja juu ya maji. Ndani ya ndoo iliyosafiri wiki nyingi melini, ambamo oksijeni ilikuwa imekwisha, yeye alipanda juu akapumua. Na urefu wake kwa kawaida hauzidi sentimita 10.

Hivyo ndivyo safari yenyewe ilivyogeuka mchujo. Mabaharia waliotoka Amerika ya Kusini, Afrika Magharibi na Asia kwenda Hamburg walibeba samaki katika makopo, na waliofika hai walikuwa wadogo na wavumilivu. Walipofika, walipashwa moto kwa taa ya mafuta, spiriti au gesi iliyowekwa chini ya tangi lenye sakafu ya jiwe jembamba. Joto lilipanda na kushuka kufuatana na utambi. Katika tangi dogo hilo lilivumilika kwa shida. Tangi la lita mia tano lisingeweza kupashwa hivyo katika nyumba ya mtu wa kawaida. Vyama vya wafugaji, kama Triton kilichoanzishwa Berlin mwaka 1888, vilikusanya ujuzi mwingi wa kuzalisha samaki, nao wote ulikuwa ujuzi wa samaki wa kiganja.

1877–1970: Jibu lililokuwa mchangani

Msomaji anaweza kusema si haki kuwalaumu watu wa zamani kwa jambo ambalo hawakuwa na njia ya kulijua. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito kama ujuzi wenyewe usingekuwapo. Lakini mwaka 1877 Wafaransa wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walijaza bomba kwa mchanga na chokaa, wakapitisha humo maji machafu polepole. Kwa siku ishirini hivi amonia ilitoka kama ilivyoingia. Kisha nitrati ikaanza kuonekana upande wa pili. Walipoingiza mvuke wa klorofomu, unaoduwaza viumbe hai, badiliko hilo likakoma. Walikuwa wamethibitisha kwamba amonia hugeuzwa na viumbe hai, na kwamba viumbe hao huhitaji wiki kadhaa kujijenga. Karibu mwaka 1890 Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria hao na kuonyesha kazi inakwenda kwa hatua mbili: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na ukali mkubwa.

Bomba la Schloesing na Müntz ni chujio la tangi la samaki kwa kila hali, isipokuwa halikuwa na samaki. Siku zile ishirini ndizo wiki ambazo mfugaji mgeni hupoteza samaki wake mpaka leo, kwa kuwaweka katika tangi jipya ambalo bakteria hawajaota. Ujuzi huo ulitumiwa na wahandisi wa maji taka na wataalamu wa udongo, lakini wafugaji walibaki na mizani ya mimea. Naona sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mizani ilifanya kazi kwa samaki waliokuwepo, na mtu hatafuti sababu mpya wakati ya zamani inamtosha. Ya pili ni umeme. Bila pampu ya bei nafuu inayozunguka saa 24, kujua habari za bakteria kusingesaidia sana, kwa kuwa bakteria hao nao wanahitaji oksijeni inayopita juu yao bila kukatika.

Pampu za hewa za umeme zilipoenea majumbani katikati ya karne ya 20, yalikuja machujio ya kuwekwa chini ya changarawe, yaliyovuta maji kupitia mawe madogo. Yalisafisha maji vizuri kuliko watumiaji walivyoelewa. Wengi walidhani changarawe inakamata uchafu tu, wakaifua kila mwezi kwa maji ya bomba yenye klorini na kuwaua bakteria wote. Mwaka 1970 ndipo Stephen Spotte alipotoa kitabu kilichoeleza kwa utaratibu kazi ya chujio la kibayolojia katika maji yaliyofungwa. Kati ya bomba la 1877 na kitabu hicho ni miaka 93.

1831–1960: Oska anaingia

Oska alipewa jina la kisayansi na Louis Agassiz mwaka 1831, kutokana na vielelezo vilivyoletwa kutoka Brazil. Agassiz alimdhania samaki wa baharini, kosa lililosahihishwa baadaye. Kwa miaka mia moja alibaki samaki wa chupa za spiriti. Kilichomfungulia mlango ni ndege na plastiki. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, samaki walianza kufungwa katika mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, mifuko ikapangwa katika masanduku yanayohifadhi joto. Safari ya wiki ikawa ya siku mbili. Ule mchujo wa melini ukavunjika, na kwa mara ya kwanza kinda wa samaki mkubwa akaweza kuuzwa katika duka moja na samaki wadogo, kwa bei inayokaribiana.

Kinda wa oska ana madoa meupe na michirizi ya kupendeza, macho yake humfuata mtu anayepita, na baada ya muda hula mkononi. Anakua haraka: akilishwa vizuri, ndani ya mwaka mmoja anaweza kupita sentimita 20. Tangi la siku zile lilikuwa na fremu ya chuma na vioo vilivyozibwa kwa gundi iliyokauka na kupasuka kila liliposogezwa, kwa hiyo mengi yalikuwa madogo. Chujio lililokuwepo halikutosha. Hapo ndipo ilipozaliwa imani kwamba samaki hukua kulingana na tangi lake, imani ambayo bado inarudiwa madukani.

Imani hiyo yafaa ijibiwe kwa makini, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Ni kweli samaki katika tangi dogo mara nyingi hubaki mfupi. Lakini kinachomzuia ni maji: nitrati na taka nyingine zilizorundikana, oksijeni haba, na hofu isiyokwisha. Huo ni udumavu, kama udumavu wa mtoto asiyelishwa, na hauwezi kuitwa kujipima. Samaki huyo hufa mapema, aghalabu akiwa amepinda uti wa mgongo au ametobolewa na vidonda kichwani. Hesabu ya mwili nayo ni kali. Uzito hupanda kwa mchemraba wa urefu: samaki wa sentimita 5 akifikia sentimita 30 amekuwa mara 6 kwa urefu, lakini mara 216 kwa uzito, na chakula chake na amonia yake vimepanda sana pamoja nao. Mnunuzi huona urefu. Maji hupokea uzito.

Wengine waliposhindwa walimwaga samaki wao mitoni. Katika Florida ya kusini, oska waliingizwa mferejini tangu miaka ya 1950, hapo awali kwa makusudi, wakaenea hadi kwenye vinamasi vya Everglades. Leo wanazaliana huko pasipo msaada wa mtu, wakila na kuwanyang'anya nafasi samaki wenyeji, na hurudishwa nyuma tu na majira ya baridi kali.

1858–1990: Tanganyika

Wavuvi wa Kigoma, Bujumbura, Kalemie na Mpulungu walikuwa wakiwajua samaki wa ziwa hili kabla ya mgeni yeyote kufika, na ujuzi wao ulihusu hasa wale wa kuliwa: dagaa, mgebuka, sangala, na kuhe, ambaye huweza kukaribia sentimita 80 na ni miongoni mwa wakubwa kabisa wa ukoo wa sikilidi duniani. Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika ziwani mwaka 1858 aliokota makombe ambayo yalifanana mno na ya baharini. Fumbo hilo lilimleta mtafiti J. E. S. Moore mara mbili kabla ya 1900, akitetea dhana kwamba ziwa hili lilikuwa mkono wa bahari ya kale. William Cunnington, aliyefuata mwaka 1904 na 1905, alipata ushahidi uliodhoofisha dhana hiyo. Kati ya samaki aliorudi nao alikuwemo frontosa, ambaye George Boulenger wa London alimwandika kisayansi mwaka 1906.

Frontosa hakufika majumbani kwa zaidi ya nusu karne baada ya hapo. Huishi hasa mita 30 hadi 50 chini na zaidi, kwenye miamba, akitembea taratibu katika makundi na kuwinda samaki wadogo alfajiri kabla hawajachangamka. Kwenye mita 40 shinikizo ni mara tano ya lile la juu, na kibofu chake cha hewa hakina mlango wa kutolea hewa upesi. Akivutwa moja kwa moja, kibofu hufutuka na kumuua. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyeanzisha Burundi kazi ya kusafirisha samaki wa ziwa hili mwanzoni mwa miaka ya 1970, pamoja na wazamiaji wenyeji waliofanya sehemu ngumu ya kazi hiyo, walilazimika kumpandisha kwa vituo, akiwa katika kizimba, kwa muda wa siku kadhaa. Kitabu cha Brichard cha mwaka 1978 kiliwafungulia wafugaji wa Ulaya na Marekani ziwa zima.

Safari hii teknolojia ya nyumbani ilikuwa karibu zaidi kuliko wakati wa oska. Gundi ya silikoni, iliyoanza kutumika kwenye matangi katika miaka ya 1960, iliunganisha kioo kwa kioo bila fremu, na tangi la lita 500 likawezekana sebuleni, ingawa lina uzito wa nusu tani kabla ya kuhesabu mawe. Machujio ya nje yenye pampu yalianza kutengenezwa Ujerumani katika muongo huohuo. Kilichokosekana kilikuwa kemia ya ziwa lenyewe. Maji ya Tanganyika yana magadi. pH yake ni karibu 9. Amonia hukaa majini katika sura mbili, na sura ya sumu huongezeka kadiri pH inavyopanda. Kwenye nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika sura hiyo. Kwenye pH 9 hufika asilimia 36 hivi. Kiasi kilekile ambacho oska katika maji laini ya Amazon angekistahimili, frontosa humuua. Waliofuga kwa kanuni za oska waliwapoteza frontosa wao bila kuelewa, wakalaumu usafiri.

Kuna wanaosema kwamba hata ziwani frontosa huliwa, huugua na hufa, na kwamba tangi lisilo na adui ni neema kwake. Ziwani makinda wengi hufa, ni kweli. Lakini aliyekomaa ziwani ana maji ambayo joto lake halibadiliki kwa nyuzi nyingi mwaka mzima, ambayo amonia yake haipimiki, na umbali wa kutosha kati ya dume na dume. Tangi linaweza kumpa usalama. Hayo mengine humfikia kwa kazi ya mikono ya mtu kila wiki, na mtu huyo akichoka baada ya miaka mitatu, samaki bado ana kumi na saba.

Baada ya 1993

Vita vya Burundi mwaka 1993, kisha vya Kongo mwaka 1996, vilivuruga biashara ya ziwani. Uvuaji ulielemea Kigoma, ambako frontosa ana mistari 7 badala ya 6, na Zambia upande wa kusini, ambako mwaka 2003 watafiti Takahashi na Nakaya walitenga aina ya pili, *gibberosa*. Sehemu kubwa ya soko ilihamia kwa samaki waliozalishwa matangini. Jike hubeba mayai kinywani, machache, kwa mwezi na zaidi, lakini kwa uvumilivu wafugaji walizalisha wa kutosha, na bei ya kinda ikashuka. Ziwa limepumzishwa kidogo, nami nalihesabu jambo hilo kuwa jema kubwa. Ila kizuizi cha mwisho cha kumpata samaki huyu, yaani ughali wake, kiliondoka pia, na kinda wa sentimita 5 sasa huuzwa kwa mwenye tangi la lita 100.

Hata sayansi ya chujio ilikuwa bado njiani. Timothy Hovanec na Edward DeLong walionyesha mwaka 1996 kwamba katika matangi ya maji baridi kazi ya kugeuza nitriti haifanywi na bakteria waliotajwa vitabuni tangu Winogradsky, na kazi iliyofuata mwaka 1998 ikaonyesha kwamba hufanywa na jamii ya Nitrospira. Mwaka 2015 kundi la Nijmegen, Uholanzi, lilipata katika chujio la ufugaji wa samaki Nitrospira anayekamilisha hatua zote mbili peke yake, amonia hadi nitrati. Viumbe waliowaweka hai samaki wa Warington ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kujulikana kwa majina yao.

Kwa mfugaji wa leo, urithi wa miaka hiyo yote ni kazi inayopimika. Tangi la kundi dogo la frontosa linafaa liwe na urefu wa karibu mita 2 na maji ya lita 600 au zaidi. Chujio liendeshwe kwa amonia ya kutiwa, bila samaki, kwa wiki nne hadi sita, mpaka vipimo vya amonia na nitriti vyote visome sifuri. Maji yabadilishwe kila wiki, theluthi au nusu, kwa maji yaliyoondolewa klorini na kupewa chumvi za magadi. Na yote hayo yawe tayari kabla ya kununuliwa kinda wa kwanza, kwa vipimo vya samaki atakayekuwepo miaka minne baadaye.